Umiliki, Udhibiti na Uhakiki: Maneno Matatu Yasiyobadilishana

Miongoni mwa dhana ambazo kompyuta imezileta mbele ya wafasiri wetu ni kile kitendo cha mtu kuionyesha injini ya kutafutia habari kwamba tovuti fulani ni yake. Wengi hukiita "kuthibitisha umiliki". Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba jina hilo lina ila, na kwamba ila ya namna hiyo si jambo dogo.

Neno miliki asili yake ni Kiarabu, nalo ni la ukoo mmoja na mamlaka na maliki. Kwa hiyo limebeba maana mbili: kuwa na haki juu ya kitu, na kuwa na nguvu juu yake. Katika mazungumzo ya kila siku maana hizo hukaa pamoja bila ugomvi. Mbele ya sheria hutengana.

Mfano ulio wazi unatoka Wilaya ya Hanang, ilimo kata ya Mogitu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi ya Tanganyika chini ya Gavana, mwananchi akabakiwa na haki ya kuikalia na kuitumia tu. Marekebisho ya mwaka 1928 yaliitambua haki hiyo hata ilipotokana na mila. Katika miaka ya 1970 shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilianza kulima ngano wilayani humo katika malisho ya Wabarabaig. Hatimaye mashamba yakafikia takriban ekari 100,000. Wanakijiji wa Mulbadaw walishtaki, wakashinda katika Mahakama Kuu. Lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo. Ilieleza kwamba kijiji kuwa eneo la utawala si ushahidi kwamba halmashauri yake imegawiwa ardhi iliyomo. Nao wanakijiji hawakuthibitisha haki yao ya kimila kama ilivyotakiwa. Kuishi juu ya ardhi na kulishia mifugo hapo hakukutosha.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilileta hati ya hakimiliki ya kimila, ingawa ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Wakati huohuo hakimiliki ni jina la haki ya mtunzi juu ya kazi yake. Neno hili, basi, tayari lina mizigo miwili. Wa tatu hauna budi kupimwa.

Tutazame kitendo chenyewe. Injini humpa mwombaji alama ya pekee, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu. Mwombaji huiweka ndani ya tovuti au katika kumbukumbu za kikoa. Injini huja kutazama. Ikiikuta humkubali, na baadaye hurudi kuhakikisha kwamba ingalipo. Ikiwa tovuti imepangishwa chini ya kikoa cha mwenyeji, kumbukumbu za kikoa si za mpangaji kuzigusa, hivyo aghalabu huiweka alama katika kichwa cha ukurasa. Kilichothibitika ni kwamba mtu huyo anaweza kuandika ndani ya ukurasa. Haki yake haikuulizwa, na watu zaidi ya mmoja waweza kukubaliwa kwa tovuti moja.

Tuseme ofisi ya kijiji imemwajiri fundi aitengenezee tovuti, naye akaiweka alama kwa jina lake. Ofisi ikiambiwa kwamba "umiliki umethibitishwa", itatulia. Fundi akiondoka, ndipo itakapojua kwamba kilichothibitishwa ni funguo zilizo mfukoni mwake.

Kwa hiyo twapendekeza umiliki libaki kuwa jina la haki, na udhibiti liwe jina la uwezo wa kukiendesha kitu. Kadhalika, mwombaji ndiye anayethibitisha, na injini ndiyo inayohakiki, kama watumishi wa umma wanavyoujua uhakiki wa vyeti. Kitendo kizima na kiitwe "uhakiki wa udhibiti wa tovuti". Walimu watakumbuka kwamba thibiti na dhibiti huchanganywa na wanafunzi. Kutumia hakiki kutawapunguzia taabu hiyo.

Wasomaji wenye pendekezo bora na walilete. Lakini istilahi yoyote itakayochaguliwa isimwahidi mtu haki ambayo hakuna aliyeichunguza.