Sherman Kent na Uzito wa Maneno ya Shaka: Maisha ya Mtathmini wa Ujasusi na Funzo Lake kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Historia ya ujasusi imezoeleka kuandikwa kwa visa vya watu waliovuka mipaka kwa siri. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika mezani, kwa kusoma, kupima na kuandika. Makala haya yanafuatilia maisha ya kikazi ya Sherman Kent, ofisa wa Marekani aliyesimamia kwa miaka 15 uandishi wa tathmini zilizopelekwa kwa rais na washauri wake. Hoja inayojengwa ni kwamba mojawapo ya matatizo yaliyomsumbua sana lilikuwa la lugha, na kwamba tatizo hilo linaihusu lugha yoyote inayotumika kuamulia mambo ya umma, Kiswahili kikiwemo.

2.0 Kutoka Darasani hadi Ofisi ya Tathmini

Kent alizaliwa Chicago mwaka 1903. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1933, akafundisha hapo historia ya Ulaya, hasa ya Ufaransa. Mwaka 1941 aliacha ualimu na kujiunga na kitengo cha utafiti cha chombo kilichokuja kuitwa OSS. Huko alipewa kuongoza sehemu ya Afrika. Wasomi waliokuwa chini yake waliandaa tafiti kuhusu Moroko, Aljeria na Tunisia, nazo zikawafaa wapangaji wa vita kabla ya majeshi ya Marekani na Uingereza kutua Afrika Kaskazini mnamo Novemba 1942.

Baada ya vita alirejea Yale, na mwaka 1949 akachapisha kitabu kuhusu ujasusi wa kimkakati. Ndani yake alishikilia kwamba ujasusi ni maarifa kabla ya kuwa jambo jingine lolote, na kwamba mchambuzi anapaswa kuwa karibu na mtunga sera kiasi cha kumfaa, lakini asimkaribie hata akapoteza uhuru wa kuhukumu. Mwaka 1950 mwanahistoria William Langer wa Harvard aliitwa kuunda ofisi ya tathmini za kitaifa ndani ya CIA. Kent akawa msaidizi wake, akamrithi mwaka 1952, na akabaki katika wadhifa huo hadi alipostaafu mwaka 1967.

3.0 Neno Moja, Makadirio Mengi

Mnamo Machi 1951 ofisi hiyo ilitoa tathmini kuhusu hatari ya Yugoslavia kushambuliwa na nchi zilizofungamana na Urusi ya Kisovieti. Hitimisho lake lilikuwa kwamba shambulio ndani ya mwaka huo lichukuliwe kuwa jambo linalowezekana kwa uzito. Baadaye ofisa mmoja wa Wizara ya Mambo ya Nje alimuuliza Kent maneno hayo yalikuwa na maana gani. Kent akajibu kwamba kwa maoni yake uwezekano ulikuwa 65 kwa 35 kuelekea shambulio. Ofisa yule alishtuka, kwa kuwa yeye na wenzake walikuwa wameyasoma maneno hayohayo kwa makadirio ya chini zaidi.

Kent aliwageukia wajumbe wa bodi yake na kumuuliza kila mmoja alikuwa na kiwango gani akilini alipoyakubali maneno hayo. Majibu yalitoka uwezekano wa 20 kwa 80 hadi 80 kwa 20. Watu waliokaa meza moja na kuafikiana juu ya sentensi moja hawakuwa wameafikiana juu ya jambo lenyewe.

Kutokana na kisa hicho, Kent alipendekeza jedwali la kuyapa maneno ya shaka viwango: karibu hakika iwe kama asilimia 93, yaelekea iwe 75, nusu kwa nusu iwe 50, yaelekea sivyo iwe 30, na karibu hakika sivyo iwe 7, kila kimoja kikiwa na nafasi ya kupanda au kushuka kidogo. Wenzake waligawanyika. Kent aliwaita waliotaka tarakimu wanahisabati, na waliotaka uhuru wa maneno akawaita washairi. Alieleza mvutano huo katika makala ya mwaka 1964.

4.0 Mpaka wa Jedwali

Jedwali hilo halikuwa kinga ya makosa. Tarehe 19 Septemba 1962 ofisi ya Kent ilitoa tathmini iliyoona kwamba Wasovieti wasingeelekea kuweka makombora ya nyuklia ya kushambulia Marekani nchini Kuba, kwa kuwa hatua hiyo isingelingana na mwenendo wao uliojulikana. Tarehe 14 Oktoba ndege ya upelelezi ilipiga picha za makombora hayo. Kosa halikuwa katika neno la shaka lililochaguliwa. Lilikuwa katika dhana iliyolibeba, kwamba Moscow ingepima hatari kama Washington ilivyoipima. Kipimo cha maneno humfunulia msomaji mwandishi ana hakika kiasi gani, lakini hakimwambii kama hakika hiyo ina msingi.

5.0 Kiswahili na Maneno ya Shaka

Kiswahili kina hazina ya maneno ya aina hii: labda, huenda, pengine, yamkini, yaelekea. Katika matumizi ya kila siku mengi yake hubadilishana nafasi bila mzungumzaji kuona tofauti. Mfano wa labda unafunza zaidi. Asili yake ni Kiarabu, ambako maana yake ni kwamba jambo halina budi kuwa. Neno lililobeba ulazima kule limebeba shaka huku, ilhali ndugu yake, budi, amebaki na ulazima katika hapana budi. Basi uzito wa maneno haya hutokana na mazoea ya watumiaji, na mazoea hutofautiana.

Mwaka 2022 Umoja wa Afrika uliridhia Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha zake za kazi. Kadiri maonyo ya mafuriko, maradhi na usalama yanavyoandikwa kwa lugha hii na kusomwa katika nchi kadhaa, ndivyo swali la Kent linavyobisha hodi. Onyo likisema kwamba mto huenda ukafurika, mkulima wa bondeni ahame au asubiri?

6.0 Hitimisho

Kent alifariki mwaka 1986, na mwaka 2000 CIA iliipa jina lake shule ya wachambuzi wake. Urithi wake kwa wanaisimu ni wajibu wa aina mbili: kuafikiana juu ya uzito wa maneno ya shaka kabla ya kuyatumia, na kuichunguza dhana iliyo nyuma ya neno hata baada ya kuafikiana. Istilahi za sheria na sayansi zimepata wasanifishaji. Maneno madogo ya shaka, ambayo juu yake watu huhama au hubaki, yangali yanawasubiri.