Kaseti Ilikamatwa, Wimbo Ukabaki

Wimbo unaokwama kichwani hauombi ruhusa. Unauskia kwa mat asubuhi, unashuka steji, na saa saba mchana kipande kilekile cha sekunde kumi bado kinajizungusha. Mara nyingi hata huo wimbo huupendi. Unajaribu kuufukuza, unarudi na spidi zaidi.

Wajerumani huuita Ohrwurm, yaani mnyoo wa sikio. Mwaka wa 1876 Mark Twain aliandika hadithi fupi ya mtu aliyesoma gazetini vijishairi kuhusu kondakta wa gari la abiria, vikamganda siku kadhaa mpaka akashindwa kufanya kazi. Alipona alipomwambukiza rafiki yake mchungaji. Mwaka wa 2016 watafiti wakiongozwa na Kelly Jakubowski walilinganisha nyimbo zinazokwama na zisizokwama. Waligundua kwamba zinazokwama huwa na mwendo wa haraka kidogo na tuni yenye umbo ambalo sikio linalitambua upesi. Kwa ufupi: ni rahisi kushika na rahisi kupitisha.

Sasa fikiria kitu kama hicho kikiwa mdomoni mwa watu ambao hawaruhusiwi kusema. Historia ya Kenya imejaa mifano.

Mwisho wa 1929, makanisa ya misheni katika nchi ya Wakikuyu yalitaka waumini waape kuachana na tohara ya wasichana. Wengi walikataa, na wimbo uitwao Muthirigu ukaenea kutoka kijiji hadi kijiji. Watu waliuimba na kuucheza, na kila mahali waliongeza mistari yao ya kuwakejeli wamisheni, machifu na maafisa wa serikali. Mapema 1930 serikali ya kikoloni iliupiga marufuku, na waliokaidi wakaadhibiwa. Hebu waza hiyo kazi: askari ametumwa kukamata tuni.

Lakini usikimbilie kuufanya Muthirigu kuwa wimbo wa mashujaa. Ulipinga ubabe wa wageni, na papo hapo ulitetea kukatwa kwa wasichana, jambo ambalo sheria ya 2011 inalitambua kama uhalifu. Wimbo ukishakuganda haukuulizi kama maneno yake ni ya haki. Hilo tuliweke kando, tutalirudia.

Miaka ishirini baadaye ujanja uliongezeka. Watu wa Mau Mau hawakuhangaika kutafuta tuni mpya. Walichukua za kanisani, zile ambazo kila mtu aliyepitia shule ya misheni alikuwa nazo kichwani tayari, wakazipa maneno mapya ya ardhi, uhuru na Kenyatta. Afisa Mzungu asiyejua Kikuyu akipita karibu, alidhani watu wako kwa ibada. Louis Leakey, aliyekua akiongea Kikuyu tangu utotoni, alieleza nguvu ya nyimbo hizo katika kitabu chake Defeating Mau Mau cha 1954. Wamisheni walikuwa wamewafundisha watu hizo tuni kwa miaka mingi, wakihakikisha wamezishika vizuri. Kumbe walikuwa wanawatengenezea wapinzani wao mtandao wa mawasiliano, na bure kabisa.

Serikali iliyokuja baada ya uhuru haikuwa imelala. Ukikaa na mzazi aliyekuwa mwanafunzi enzi za Moi, mwambie akuimbie wimbo mmoja wa kizalendo wa wakati huo. Hatahitaji kufikiria. Kwaya ziliimba siku za kitaifa, redio ya serikali ikazirudia, shule zikazifundisha, na mwaka wa 1988 kukaundwa Tume ya Kudumu ya Rais ya Muziki. Watu waliokuja kumchukia Moi bado wanazijua nyimbo za kumsifu, beti kwa beti. Redio ilipokuwa moja, hakukuwa na stesheni ya kukimbilia.

Basi waliobaki nje ya redio walitafuta njia yao: kaseti na matatu. Mei 1990, kijiji cha Muoroto hapa Nairobi kilibomolewa kwa nguvu, na watu wakaumia. Muda si muda kukawa na kaseti za nyimbo za Kikuyu zilizoomboleza Muoroto na kulia kuhusu hali ya nchi. Ziliuzwa mitaani, zikachezwa kwenye matatu. Polisi walikamata wauzaji na kuzoa kaseti. Haikusaidia sana, kwa sababu abiria aliyeuskia wimbo kutoka mtaani hadi tao alikuwa tayari ameshuka nao.

Halafu ikafika 2002. Gidi Gidi Maji Maji walitoa Unbwogable, jina walilolisuka kwa neno la Kijaluo na viambishi vya Kiingereza, maana yake asiyetishika. Hawakuuandika kama wimbo wa kampeni, lakini muungano wa NARC uliuchukua na nchi nzima ikaushika, hata watu wasiojua neno moja la Kijaluo. Pembeni yake kulikuwa na pambio la kanisani linalosema kwamba kwa imani yote yatawezekana. Umati ulitoa imani, ukaweka “bila Moi”. Ni mbinu ileile ya miaka ya hamsini: tuni iko kichwani tayari, badilisha neno moja tu. Tarehe 30 Desemba 2002, Uhuru Park, Moi alikaa mbele ya umati uliokuwa ukimwimbia hivyo huku Kibaki akiapishwa.

Hapa ndipo turudi kwa lile tuliloliweka kando. Kufikia 2004 kashfa ya Anglo Leasing ilikuwa imetokea hadharani, na baadhi ya wakubwa waliofaidi wimbo wa kutotishika ndio waliokuwa wakijibu maswali. Wimbo haukuwa umebadilika. Tuni iliyowaondoa KANU iliwabeba waliokuja, bila kuwakagua mifuko.

Kizazi chetu pia kina wake. Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, ngoma iliyowaunganisha ilikuwa Anguka Nayo ya Wadagliz, wimbo wa kudansi uliokuwa umetuganda kupitia TikTok. Hakuna chama kilichoununua na hakuna kamati iliyouchagua. Wengine walioucheza barabarani hawakurudi nyumbani. Kuna watu leo wakiuskia kwa mat wanaomba makanga abadilishe, kwa sababu kile kipande kikianza kujizungusha hakiji peke yake.

Uchaguzi wa 2027 uko njiani. Malori ya spika yatakuja, yakiwa na tuni ambazo tayari unazijua na neno moja ama mawili yamebadilishwa. Kuziba masikio hutaweza, na hakuna aliyewahi kuweza. Lakini wimbo ukishakukwama, angalau chunguza ni neno gani lililotolewa na ni jina la nani limewekwa mahali pake.