Vilebu Yatima: Namna ya Kuwalea kwa Chupa, na Suala la Najisi

Mwaka juzi, msimu wa kusi, gari liligonga mbwa jike karibu na duka ninaponunua mkate. Alikuwa mbwa wa mtaani asiye na mwenyewe. Watu walipita wakifunika pua, wakaendelea na shughuli zao. Kesho yake alasiri, watoto wa madrasa wakaja kunigongea mlango, maana wanijua kwa paka ninaowalisha.

"Ami, kuna watoto wa mbwa wanalia nyuma ya ile nyumba isiyomalizwa kujengwa. Wako wanne. Mzee mmoja amesema watiwe guniani watupwe baharini."

Nilikwenda. Vilebu walikuwa wadogo kama panya buku, macho yamefumba, wamelaliana juu ya mfuko wa saruji. Nikasimama pale na maswali mawili. Nikiwagusa, swala yangu itakuwaje? Na nikiwaacha, nitamjibu nini Aliyewaumba?

Watatu kati ya wale wanne wako hai hadi leo. Wa nne alikufa mikononi mwangu kwa kosa langu mwenyewe, nami nitalieleza. Nayaandika haya ili atakayefikiwa na jambo hili asilianze gizani kama nilivyolianza mimi.

Tuanze na najisi

Sisi watu wa Pwani hatuna moyo mgumu kwa wanyama. Paka wa Lamu hula na wavuvi, na punda wa kisiwa hicho wana hospitali yao tangu mwaka 1987. Lakini akitajwa mbwa, nyuso hubadilika. Sababu inajulikana: wengi wetu ni wafuasi wa Imamu Shafi, na katika madhehebu yetu mbwa ni najisi nzito. Wafuasi wa Imamu Malik wao huona mbwa aliye hai ni tohara.

Mimi si mwanachuoni, kwa hivyo nilimwendea sheikh wa msikiti wetu kabla ya Magharibi. Alinipa mambo matatu. La kwanza, najisi ni jambo la kuoshwa, si udhuru wa kumwacha kiumbe afe. La pili, kikavu kikigusa kikavu hakuna kinachohama. Palipo na unyevu, mahali pale huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. La tatu, kugusa najisi hakutangui udhu. Waosha mahali palipoguswa, basi. Kisha akanikumbusha hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake.

Nikapanga hivi: vilebu wakae katika stoo ya uani, si ndani ya nyumba tunamoswali. Nikanunua glavu za daktari. Nikatenga shati moja na kikoi kimoja cha kazi hiyo tu. Kando ya bomba nikaweka ndoo na kopo la udongo safi. Kwa mpangilio huo sikukosa swala hata moja.

Hakikisha ni yatima kweli

Ukiwakuta vilebu peke yao, usiwanyakue. Mama huenda kutafuta chakula akarudi. Kama wako salama na wametulia, jitenge uwaangalie kwa mbali kwa saa chache. Wakilia mfululizo, au miili ikianza kuwa baridi, hapo chukua hatua. Na kama mama alionekana na dalili za kichaa, kama vile kuuma ovyo, kutokwa na mate mengi au kuyumba, usiwaguse. Ita ofisi ya mifugo ya kaunti.

Joto kabla ya maziwa

Hapa ndipo nilipokosea. Yule mdogo wao alikuwa baridi na mnyonge, nami kwa huruma nikakimbilia kumpa maziwa. Kilebu mchanga hawezi kujipasha joto mwenyewe. Akiwa baridi tumbo lake husimama kufanya kazi: maziwa hukaa humo yakaharibika, au hurudi yakaingia mapafuni. Alikufa kabla ya alfajiri.

Basi sheria ya kwanza ni hii: usimlishe kilebu aliye baridi. Mtie kidole mdomoni. Ukihisi ubaridi, mpashe joto kwanza, polepole, kwa saa moja au zaidi. Usimtumbukize kwenye maji moto wala usimwanike juani.

Wiki ya kwanza pale wanapolala panahitaji joto la nyuzi 29 hadi 32 za Selsiasi. Hata hapa kwetu usiku wa kusi hauwatoshi. Nilitumia katoni, nguo kuukuu, na chupa za maji moto nilizozifunga kwa taulo. Weka joto upande mmoja tu wa katoni, ili anayeunguzwa apate pa kutambaa. Wakilundikana huku wakilia, wana baridi. Wakitawanyika wakihema, wamezidiwa na joto.

Maziwa gani, na kiasi gani

Wengi hukimbilia maziwa ya ng'ombe. Hayatoshi. Maziwa ya mbwa yana mafuta na protini takriban mara mbili ya yale ya ng'ombe, na sukari yake ni pungufu. Kilebu akipewa ya ng'ombe matupu huharisha na kukonda. Ya mbuzi pia hayana tofauti kubwa na hayo. Kinachofaa ni maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya vilebu. Uliza kwa daktari wa mifugo au kwenye maduka makubwa ya dawa za mifugo, na uyakoroge kama kopo linavyoelekeza.

Ukikwama usiku maduka yamefungwa, kuna mchanganyiko wa dharura wa siku moja mbili: kikombe kimoja cha maziwa yasiyotolewa mafuta, viini vitatu vya mayai bila ute, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya mahindi, na chembe ya chumvi. Ni wa kuvukia usiku tu, si wa kulelea.

Kwa wiki ya kwanza kadiria mililita 15 kwa siku nzima kwa kila gramu 100 za uzito wake. Kilebu wa gramu 300 atahitaji kama mililita 45. Zigawe mara nane, kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na kila mlo utakuwa mililita tano au sita. Kumjaza kupita kiasi ni hatari kama kumnyima. Wiki ya tatu waweza kurefusha hadi saa nne au tano.

Namna ya kumnyonyesha

Usimlaze chali kama mtoto wa binadamu. Akiwa chali, maziwa huingia mapafuni kwa urahisi. Mlaze kifudifudi juu ya taulo, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mamake. Maziwa yawe vuguvugu. Tone moja mkononi mwako lisikuchome wala lisiwe baridi.

Tumia chupa ndogo yenye chuchu. Ukiigeuza, maziwa yadondoke tone moja moja, yasimiminike. Muache avute mwenyewe, usikamue chupa. Bomba la sindano lisilo na sindano hufaa kwa mnyonge, lakini kwa tone tone. Maziwa yakimtokea puani, acha papo hapo, muinamishe kichwa, umfute. Asiyeweza kunyonya kabisa apelekwe kwa daktari. Baada ya kila mlo chemsha vyombo, na kamwe usivichanganye na vya jikoni.

Haja zao

Wengi hawalijui hili, na vilebu hufa kwalo. Kwa wiki tatu hivi za mwanzo hawezi kukojoa wala kwenda haja kubwa peke yake. Mamake humlamba ndipo atoke. Wewe chukua pamba iliyoloweshwa maji ya vuguvugu, umsugue taratibu sehemu za haja baada ya kila mlo hadi atoe. Hapo glavu hazina mjadala.

Siku hadi siku

Mpime kila siku saa ileile kwa mizani ndogo ya jikoni utakayoitenga, na uandike. Anatakiwa aongezeke kila siku, na kati ya siku ya saba na ya kumi awe amefika mara mbili ya uzito aliozaliwa nao. Uzito ukisimama siku nzima, au akiharisha, usingoje kesho. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, na masikio siku chache baadaye. Kuanzia wiki ya tatu au ya nne, muwekee uji mwepesi wa maziwa yake na chakula laini kwenye sahani ya chini.

Minyoo na chanjo

Dawa ya minyoo huanza akiwa na wiki mbili, hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya nane. Minyoo ya vilebu huambukiza watoto wetu, kwa hivyo wanaosaidia waoshe mikono. Chanjo za maradhi ya mbwa huanza wiki ya sita hadi ya nane, na ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa ukomo wa vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa, na hatutafika kwa magunia baharini bali kwa chanjo. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mbwa asiyejulikana, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Waende wapi

Sheria yetu imeruhusu mbwa wa kulinda shamba, mifugo na wa kuwindia. Walipotimiza wiki nane na kupata chanjo za mwanzo, mmoja alikwenda kwa mfugaji wa mbuzi upande wa Kaloleni, na wawili kwa mlinzi wa ghala.

Mamangu ndiye aliyenikataza mwanzo nisiwalete hata uani. Sikubishana naye, nilimweleza alivyosema sheikh, nikamwonyesha kopo la udongo. Usiku wa tatu nilipitiwa na usingizi. Saa nane za usiku nikasikia mlango wangu ukigongwa.

"Amka," akaniambia. "Wale watoto wana njaa."