Chanjo: Neno na Kovu

Januari 2021, hayati Rais John Magufuli alitamka kwamba chanjo za korona hazifai. Julai 28 mwaka huohuo, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam. Huku Kariakoo, ambako soko kuu lilikuwa limeungua Julai 10, watu walibaki njia panda.

Miongoni mwao alikuwamo binti niliyemfundisha sekondari. Alikuwa amepata kazi ya kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, nchi iliyowataka wageni waingiao kwa ndege wawe wamechanjwa kuanzia Novemba 8. Mamake, muuza vitenge Mtaa wa Kongo, alipinga: "Mwalimu, haya ni mambo ya Wazungu."

Nilikunja mkono wa shati, nikamwonyesha kovu la chanjo ya ndui, maradhi yaliyotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980. Naye alikuwa na lake. Kisha nikamkumbusha maana ya kuchanja: twachanja kuni, na waganga wetu huchanja chale wakapaka dawa. Sindano ilikuja kutoka ng'ambo, ikapokewa kwa neno lililokuwa letu tayari.

Neno halithibitishi dawa, nami sikudai hivyo. Lilimwondolea ugeni tu, akaweza kuuliza. Bintiye alipokwenda kuchanjwa, mama alifuatana naye, akamhoji muuguzi kwa kirefu. Yeye mwenyewe hakuchanjwa siku ile. Alirudi wiki iliyofuata, peke yake.