Azimio la Musoma na swali la nani amthibitishe mwalimu

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara, ilikutana Musoma. Ni mji huohuo ambao miaka 40 kabla, mtoto wa chifu kutoka Butiama, Julius Nyerere, aliletwa kuanza masomo katika Shule ya Mwisenge. Kikao kiliazimia kwamba elimu ya msingi kwa kila mtoto, iliyotarajiwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Hapo ndipo ilipozaliwa UPE (Universal Primary Education), yaani elimu ya msingi kwa wote. Na hapo ndipo lilipoanza kuitesa nchi swali ambalo bado tunahangaika nalo: nani athibitishe kwamba mwalimu ameandaliwa sawasawa?

Vyuo vya ualimu, hata vingejaa pomoni, visingetoa walimu wa kutosha kwa muda huo mfupi. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba ikawapeleka kwenye shule za vijijini. Sehemu ya siku walifundisha. Muda uliobaki walisoma wao wenyewe, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na mwongozo wa mratibu elimu kata. Mwishoni waliingia chuoni kwa wiki chache, wakafanya mtihani. Waliofaulu walipewa cheti cha Daraja la IIIC. Kati ya 1976 na 1984 walihitimu zaidi ya 35,000.

Mitaani wakabandikwa jina: Ualimu Pasipo Elimu. Sijawahi kulipenda jina hilo. Wengi tuliosoma miaka ya 1980 tulishikwa mkono na walimu hao tukaandika herufi ya kwanza. Utafiti wa Lars Mählck na E. B. Temu, uliotolewa mwaka 1989, uliwalinganisha na wenzao wa vyuoni. Wa vyuoni walitangulia katika baadhi ya mambo, sayansi ikiwamo, lakini pengo halikuwa kubwa kama kejeli ilivyodai. Upungufu haukuwa wa vijana wale. Nchi ilikuwa na Baraza la Mitihani tangu 1973, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikataka kila mwalimu asajiliwe au apewe leseni. Aliyepimwa ni mtu. Mafunzo yenyewe, pamoja na wakufunzi, maktaba na mazoezi ya kufundisha, hayakuwa na chombo huru cha kuyakagua na kuyapa ithibati.

Tulirudia kosa hilo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002, madarasa yakafurika, na walimu wakaandaliwa kwa mwaka mmoja chuoni na mwingine shuleni. Shule za sekondari za kata zilipoongezeka, wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda mfupi mno wakapangiwa sekondari. Watu wakawaita "voda fasta". Kila mara haraka ilikuwa na sababu nzuri, na kila mara aliyebebeshwa aibu ni mwalimu.

Chombo kilichokosekana mwaka 1974 kilikuja polepole. Sheria ya 1997 iliunda Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi (NACTE), ambalo leo ni NACTVET. Miaka mingi ilipita kabla vyuo vya ualimu havijaingia barabara chini ya mwavuli wake. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilianza mwaka 2005 kusimamia vyuo vikuu, kikiwamo leo kile kinachobeba jina la Mwalimu Nyerere kule Butiama. Wakaguzi wa shule nao wamekuwa wathibiti ubora.

Usajili na ithibati si kitu kimoja. Usajili humaanisha kwamba chuo kimeruhusiwa kufungua milango. Ithibati hutolewa baada ya kukaguliwa mitaala, wakufunzi, vifaa na namna chuo kinavyojitathmini, nayo huwa na muda wake, lazima ihuishwe. Tofauti hiyo inatugusa: katika Mkoa wa Mara kuna vyuo vya ualimu vya serikali Bunda na Tarime, na kila mwaka wazazi wa hapa huuza ng'ombe au samaki ili mtoto asomee ualimu, hapa au mkoa mwingine.

Mzazi wa Musoma, Bunda au Butiama, kabla hujalipa ada popote, tafuta jina la chuo katika orodha ya NACTVET, uangalie kama kozi anayoitaka mwanao imo na kama ithibati ya chuo bado iko hai. Ikiwa imekwisha muda, usilipe.