Unasihi: Mkubwa Anaposikiliza

Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Tanzania wana maneno yao ya taabu. Bumu, yaani fedha za mkopo wa masomo, limechelewa. Fulani ana sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, mwenzake anaogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Haya husemwa kantini mchana kweupe. Lakini usingizi ukimpotea mtu wiki mbili mfululizo, chakula kikamshinda na alivyovipenda vikamchosha, husema tu “nina stresi”, akanyamaza. Kitaalamu hiyo huenda ikawa sonona, na inatibika.

Msaada anaouhitaji huitwa unasihi. Anayeutoa ni mnasihi. Shuleni neno hilo limezoeleka katika “ushauri na unasihi”, na wakati wa kampeni za UKIMWI watu wengi walilijua kwa sura ya “ushauri nasaha”.

Nasaha ni neno la Kiarabu lililokaa pwani muda mrefu, na kwa mtu wa Tanga lina sauti ya mzazi. Mshairi Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, alimwandikia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe Utenzi wa Adili: mkubwa anasema, mdogo anapokea. Unasihi wa kitaalamu unageuza mkao huo. Mwanafunzi ndiye anayesema. Mnasihi anasikiliza, anauliza, anatunza siri, kisha wanatafuta pamoja hatua moja ndogo inayowezekana wiki hiyo. Anayemaliza haraka kwa “jikaze, mwanangu, omba Mungu” ametoa nasaha, pengine njema, lakini hajafanya unasihi. Aliye karibu zaidi na kazi hiyo katika mila za pwani ni somo, msiri wa kijana, ambaye huambiwa yale asiyoambiwa mama.

Kwamba usikilizaji wa namna hii ni tiba, Zimbabwe imethibitisha. Daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza bibi wa mitaani mjini Harare kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa takriban asilimia 14 kati ya waliopitia benchi, na asilimia 50 kati ya waliopata huduma ya kawaida.

Umri nao unahimiza kuwahi. Takriban robo tatu ya maradhi ya akili ya maisha yote huanza kabla ya miaka 25, yaani mengi yamekwisha kujitokeza mtu anapohitimu au muda mfupi baadaye.

Mkoa wa Tanga si mgeni wa tiba ya akili. Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walifungua makao ya watoto waliokombolewa utumwani mwaka 1896. Miaka michache baadaye yakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Huko kazi za shamba na za mikono ni sehemu ya matibabu. Hata hivyo, jina la hospitali ya namna hiyo huwatisha vijana, na mwenye sonona changa hujiona bado hajafika huko. Pengo hilo, kati ya kantini na wodi, ndilo mahali pa unasihi. Mnasihi mzuri hujua pia mipaka yake: akisikia mwanafunzi anasikia sauti zisizokuwapo, au anataka kujiua, humfikisha kwa daktari siku hiyo hiyo.

Mlango wenyewe una uzito wake. Katika vyuo vingi unasihi huwekwa chini ya mlezi wa wanafunzi, ambaye pia hushughulikia nidhamu. Mwanafunzi anayehofia adhabu hatafungua moyo hapo. Chumba cha unasihi kitengwe na ofisi hiyo.

Sheria nayo huongeza hofu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinakwenda kinyume cha Katiba.