Kolonoskopia
Kolonoskopia ni uchunguzi wa utumbo mpana kwa mpira mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera nchani, unaoingizwa kupitia njia ya haja kubwa. Hutafuta hasa saratani na polipu, yaani vinyama vinavyoota ndani ya utumbo, ambavyo baadhi hugeuka saratani baada ya miaka mingi. Daktari huweza kuvikata papo hapo.

Maandalizi ndiyo sehemu ngumu, na ndiyo yenye uzito zaidi, kwani kinyesi kilichobaki huficha polipu. Siku moja kabla, mgonjwa huacha chakula kigumu na hunywa vimiminika angavu tu. Dawa ya kuharishisha hunywewa kwa awamu mbili, jioni na alfajiri, mpaka choo kitoke majimaji ya manjano. Anayetumia dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda humweleza daktari mapema.

Mgonjwa hulala kwa ubavu wa kushoto, kwa kawaida akiwa amepewa dawa ya usingizi. Uchunguzi huchukua takriban dakika 30 hadi 60. Gesi tumboni ni kawaida baadaye. Maumivu makali, homa au damu nyingi huhitaji kurudi hospitali mara moja.